Antena Iliyotazama Nje

...antena isogee ndani kidogo tu, upana wa kidole, maana laini ya simu ya mayu Nyanjige, mama mwenye nyumba hii, ni ya mawimbi marefu, na hayo huingilia kwenye vijiti virefu vya nyuma, antena moja inakamata mitandao yote, sawa, lakini kila mtandao una mahali pake mbele ya dishi, taratibu, bati la hapa Lagangabilili linaunguza magoti, "Imeshika?" Salvatory huyo, yuko chini kashika ngazi, rafiki wa kuchunga naye ng'ombe tangu utoto, subiri basi, haraka ya nini... simu ikatetemeka mfukoni, ikatetemeka tena, mwanawane, imeshika! simu aliyoizima siku ya kumzika baba kule Mwamanyili, akaiwasha leo kwa kazi hii, jumbe zinamiminika, pole na msiba, pole na msiba, na picha, nani huyu, Salvatory kwenye maonesho ya wakulima Nyakabindi, shati jipya, kaegemea dishi, dishi lake yeye Machibya, lile lenye kiraka cha sufuria ya marehemu, na maandishi, "Mbunifu Salvatory na uvumbuzi wake"... hapana, wamekosea, tulisema yaandikwe majina mawili, alisema mwenyewe, kaka, majina mawili, alitupa udongo kaburini akanikumbatia, akasema lete ufunguo wa karakana nikutunzie dishi, wewe mlilie mzee, na mimi nikalia, mjinga gete, mjinga kabisa, nikamlilia begani... na hata kuiba hakujua, tazama pichani, antena imetazama nje, ncha kwenye mnara, imeligeuzia dishi mgongo, miaka yote tuko pamoja hakuwahi kuniuliza kwa nini naigeuza ndani, ncha kwenye dishi, hakuitaka kazi, alitaka picha tu, "Mwanangu, nitamwona mjukuu leo kwenye simu?" sauti ya mayu, utamwona, mayu, wewe hukunikosea kitu, ngoja kwanza nipumue, macho yameingia jasho, ni jasho... uchungu huu, laiti angekuwa mtu baki, na kumbe asubuhi yote kaniita fundi, fundi wangu, nikacheka nikidhani utani, kwake mbunifu ni yeye, "Kama imeshika shuka, kaka, ngazi nimeikamata!" na Machibya akaitazama ile ngazi, na mikono iliyoishika, akabaki pale pale juu ya bati, antena mkononi, simu ikiendelea kutetemeka.

"Bado," akasema.