Bakuli la Supu la Mama Henriette

Pale mlangoni kwetu mama alilisukuma bakuli polepole kwa ncha za vidole, likarudi upande wa jirani yetu Mama Henriette. Lilikuwa bakuli la supu la kaure nyeupe, lenye kifuniko na mstari wa dhahabu ukingoni, na mama alikuwa amelitamani kwa miaka mingi, zaidi ya alivyotamani pepo.

"Kamata, Mama Laurentine," Mama Henriette alisema. "Unipe unga ya njia na mafuta kidogo. Ni weye wa kwanza ninakuletea."

"Sitakamata kintu ya muntu mwenye banafukuza," mama akajibu. "Mungu ananiona."

Mama Henriette alilifunga tena ndani ya kitenge, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Nilikuwa msichana wa shule, na mchana ule nilimwona mama yangu kama mtakatifu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, Kapata, kwenye nyumba za kampuni ya mgodi. Kazi ya mgodi ilikuwa imeporomoka, mshahara ulikuwa hadithi, na watu wenye asili ya Kasaï, mkoa jirani, walikuwa wameamriwa na wakubwa wa mkoa wetu warudi kwao. Mama Henriette alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Huko kwao hakuwahi kukanyaga. Lakini mumewe, Tata Kabeya, alishafukuzwa kazini, nyumba yao ilishaingiwa na wengine, na sasa walikuwa wanalala stesheni na watoto wao wanne, pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini.

Bakuli lile lilikuwa na historia. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na likelemba, mchango wa zamu, ila wao hawakuchanga fedha. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja alileta chombo cha kaure kwa yule aliyefikiwa na zamu, wakakipanga kabatini kwa vigelegele. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na vyombo vilevile, na kila mwanamke alijua kabati la jirani lilipungukiwa nini. La mama lilipungukiwa bakuli la supu tu. Zamu yake ilikuwa inakaribia likelemba ilipovunjika, maana nusu ya wanachama walikuwa stesheni.

Siku chache baadaye nilipita stesheni nikitoka shuleni. Kando ya barabara sahani zilikuwa zimepangwa juu ya mavumbi, safu kwa safu, na glasi za divai, na vikombe ambavyo midomo ilikuwa haijavigusa. Tata Djafari, msafirishaji aliyekuwa akinunua vitu vya wanaoondoka, alikuwa anatembea katikati ya vyombo, mikono nyuma.

"Mwanzo, bakuli kama ile ilikuwa inaleta mufuko wa unga," aliniambia, akinionyesha bakuli la supu lenye mstari wa dhahabu. "Leo ni kopo moja. Kesho sitaikamata hata bure. Nitaipeleka wapi? Kila nyumba iko nayo."

Nyuma yake nilimwona Mama Henriette. Alikuwa anakwangua sufuria ambayo haikuwa na kitu, na watoto wake walikuwa wanaitazama ile sufuria. Nilirudi nyumbani mbio, nikamweleza mama.

Mama alikuwa na methali moja aliyopenda kututupia tulipochezea chakula: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Jioni ile hakuitaja. Alitoa mfuko wetu wa unga, mafuta na samaki, akaviweka sakafuni.

"Twende na mufuko," alisema.

"Batasema na siye tuko Bakasaï," baba akamwonya. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alishapigwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Baseme."

 Baba akainuka, akaubeba mfuko mwenyewe.

"Nakuja sababu ya ile bakuli," mama alisema tulipofika stesheni. "Bei?"

"Kopo moja ya unga," Mama Henriette akajibu.

"Mufuko muzima."

"Mama Laurentine, bei imeanguka. Uliza Tata Djafari."

"Kwake imeanguka. Kwangu haiyaanguka."

"Basi makopo mbili."

"Mufuko, na mafuta, na samaki."

Tata Djafari alijishika kichwa. Watu waliokuwa wamelala juu ya mizigo yao waliinuka kusikiliza, kisha wakaanza kucheka, mahali ambapo sikuwa nimesikia kicheko. Mama Henriette hakucheka.

"Unanipa sadaka," alisema. "Mi siko mulombaji."

Mama alimsogelea. "Nilikukatalia pa mulango sababu nilitaka roho yangu ibakie safi. Roho safi haikulishe batoto. Na ile bakuli ninaitaka, Henriette. Unajua vile ninaitaka."

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Henriette alilijua. Mara ngapi alimwona mama akilifuta vumbi nyumbani kwa wenyewe, bila kuombwa!

"Sawa," alisema. "Lakini utakamata na mbasela."

Mbasela ni ile nyongeza ambayo muuzaji wetu humtilia mnunuzi, nyanya moja au ngumi ya dagaa. Mbasela ya Mama Henriette ilikuwa tukae chini tule nao. Akawasha makaa, akapika bukari, ugali wetu, na samaki wa mchuzi mwingi, kisha akaumimina mchuzi ndani ya bakuli na kulifunika. Hakuna mwanamke wa likelemba aliyewahi kula chakula ndani ya vyombo vile. Tulikula hapo karibu na reli, kwenye sahani zenye mstari wa dhahabu, watoto wakiulizana kama inaruhusiwa. Alipofunua bakuli kutuongezea, mvuke ulimpanda usoni.

"Kumbe inachunga moto," alisema. "Hii miaka yote hatukujua."

Treni ilikuja wakati hatupo. Baadaye tulisikia habari za watoto waliozikwa njiani, na mama akaacha kuulizia habari za Mama Henriette. Ilipita miaka. Kisha siku moja mfanyakazi wa reli alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, akamuulizia mama kwa jina.

"Kuko mama moja wa Mwene-Ditu, kule Kasaï, ananituma," alisema. "Anasema unga ilitosha. Batoto bote banne balifika."

Mama alimwomba arudie. Akarudia.