Saa ya Kupima Usingizi wa Seth

Madam Mwihaki wa utafiti alifika nyumbani kwa Nelvine, nyuma ya soko la Silibwet, akakaa kitandani kwa sababu kiti hakikuwepo.

"Mama Seth, mtoto hulala saa ngapi?"

"Nikishaosha vyombo, madam. Kabla ya hapo kitanda ndicho kiti, kama unavyoona."

"Na chumba chake?"

Nelvine alikitazama chumba chote. Haikumchukua muda. "Chake ni upande wa ukuta. Mimi katikati, baba yake pembeni."

Madam akamfunga Seth, aliyekuwa na miaka miwili, saa ndogo ya plastiki mkononi. Ingepima usingizi wake wiki nzima. Isipotee, alisema, kwa sababu ni ghali kuliko ng'ombe.

Kufikia jioni Seth alikuwa ameutafuna ukanda na kuichovya saa kwenye chai. Asubuhi Nelvine aliiokota mlangoni mwa choo, karibu kabisa na shimo. Alikuwa anaenda kuchuna majani ya chai kwenye shamba la jirani, mtoto mgongoni. Akawaza ni nani pale nyumbani asiyeweza kupoteza kitu kwa kuwa haendi popote.

Mume wake, Kipngetich, alikuwa amelala. Tangu mashine za kuchuna chai zichukue kazi yake, alikuwa akilala tu, akingoja kuitwa tena. Nelvine alimfunga saa kwenye kidole gumba cha mguu, akamvika soksi.

Siku ya tatu Kipngetich aliigundua. "Hii ni nini?"

"Ya utafiti. Endelea tu."

Akaendelea.

Wiki ilipoisha madam aliichukua saa yake, na mwezi uliofuata alirudi na cheti. "Mama Seth, mtoto wako analala saa kumi na tatu kwa siku, na mchana anapumzika vizuri sana. Hakuna kama yeye eneo hili. Tunataka ufundishe wenzako."

Nelvine aliona aibu. Alifungua mdomo aseme ukweli, madam akataja chakula cha mchana cha siku ya mafunzo. Akaufunga.

Jumamosi akasimama mbele ya akina mama kanisani, Seth akirukaruka juu ya viti.

"Sasa tuambie, unafanyaje?" Fancy, jirani yake, aliuliza.

Nelvine alifikiri. "Ukitaka mtu alale hivyo, mnyang'anye kazi."

Wanawake waliomjua Kipngetich walicheka mpaka wakashika mbavu. Madam hakucheka. Aliinama akaandika: kupunguza shughuli kabla ya kulala.

Pilau ilipoletwa, Nelvine alimfungia mumewe sahani moja.