Maji Mkononi mwa Partiman

Kikosi cha askari wa milimani waliompigania mfalme wa Wazungu kilirudi Gorakhpur kutoka vitani Ufaransa kikiwa pungufu ya nusu. Kambini amri ilikuwa moja: aliyevuka bahari, yale maji meusi, hapandi kwao milimani kabla kuhani hajamtakasa kwa siku tano na kumwandikia cheti. Asiye na cheti, hata mama mzazi hapokei maji mkononi mwake.

Siku ya pili Partiman Thapa alipata habari kwamba mama yake yu mahututi. Hakungoja. Alishika njia ya kwao Palpa, milimani, akatembea siku nne.

Alimkuta amelazwa mkekani barazani, juani. Pembeni yake aliketi Baba Mkubwa Asbir, mkuu wa ukoo.

"Simama hapo hapo, mwanajeshi. Cheti?"

"Sina, baba mkubwa. Ningekingoja, ningekuta majivu."

"Umekula na Wazungu mwaka mzima, leo utukanyagie baraza?"

"Tulipika chetu wenyewe. Waliokula nasi ni panya tu."

"Basi rudi kwa panya wenzako!"

Mama akafumbua macho. "Mwacheni. Mbona umekonda hivyo, Parte? Kwa huyo mfalme wenu hawapiki?" Akameza mate kwa shida. "Nina kiu, mwanangu. Nipe wewe."

Partiman aliinua bakuli la shaba. Kule kwenye mahandaki alikuwa amewanywesha mahututi wengi, pasipo kuuliza kabila wala dini. Lakini huyu alikuwa mama yake. Je, akifa najisi kwa sababu ya mkono wake? Je, ndugu wakikataa kulibeba jeneza? Akamgeukia Asbir, akingoja neno. Asbir aliendelea kulitazama bakuli. Bakuli likabaki hewani mkononi mwa Partiman. Alipomtazama mama tena, macho yalikuwa wazi, ila hayakuwa yakimtazama.

Moto wa kuuchoma mwili aliuwasha Asbir kando ya mto, kwa kuwa mwana hakuwa safi. Baadaye wakakaa juu ya mawe mawili yaliyoachana, kama desturi ilivyotaka.

"Kwa nini hukumpa?" Asbir aliuliza.

"Nilingoja useme."

"Ningesemaje, mimi mkuu wa ukoo? Ningegeuza uso tu, ungempa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Ndivyo walivyokufundisha huko? Hata kwa mama yako unangoja amri?"

Mbele yao majivu yalikuwa bado yanafuka.