Kisu cha Mzee Yimam

Nilijiona mjuzi, na ujuaji wangu nusura umpokonye Mzee Yimam kazi yake.

Mwaka ule wanafunzi wa darasa la nane walirushiana mawe, Wakristo huku, Waislamu kule, kwa sababu ya uvumi ambao hadi leo hajulikani aliyeuanzisha. Hapa Dessie, mji wetu wa Ethiopia, ambako ndugu wa tumbo moja huweza kuwa wa dini mbili na wakalala nyumba moja, ilikuwa aibu kubwa. Mkuu wa shule akanipa mimi, mwalimu wa uraia, wiki nne za kuwafundisha watoto Uislamu ni nini. Wengi walikuwa wanachukia kitu wasichokijua.

Mimi ni Mkristo, na niliyoyajua yalikuwa ya vitabuni. Kwa hiyo nikamwomba Mzee Yimam, mlinzi wa lango letu, aliyesoma Kurani tangu utotoni, aje darasani. Aliwaonyesha jinsi ya kutawadha, akawaeleza kwa nini anafunga na kwa nini sadaka nzuri ni ile isiyotangazwa. Aliyeuliza maswali mengi kuliko wote ni Mahlet, binti wa Mkristo aitwaye Zewdu. Kaka yake alipasuliwa kichwa katika yale mawe, na wiki ya kwanza hakutaka hata kumtazama mzee. Wiki ya tatu alimuuliza kama Mungu hachoki kuombwa mara tano kwa siku. Mzee akacheka, akasema yanayochoka ni magoti.

Mambo yalikuwa yananyooka. Ndipo nikataka karamu ya kufunga somo.

Kwetu, tangu enzi za mababu, Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, wala Mwislamu hali ya Mkristo; anayekula huhesabiwa amehama dini. Kwenye harusi huchinjwa mara mbili, hupikwa vyungu viwili, na kila mgeni anajua pa kukaa. Mimi niliona huo ndio ubaguzi wenyewe. Nikanunua kondoo mmoja, nikampelekea Mzee Yimam amchinje.

"Na wa pili yuko wapi?" akaniuliza.

"Mmoja anatosha, mzee. Nataka wale sahani moja."

"Mwanangu Hirut, sisi hapa tunaozeshana, tunazikana. Lakini kisu, kila mtu na chake."

Nikamwambia dunia imebadilika. Akachukua kisu, akachinja, kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu na yeye mlinzi.

Injera, ile mikate yetu mipana na laini, zikatandazwa, mchuzi ukamiminwa juu yake. Watoto wa Kikristo wakakunja mikono. Nikamega tonge mimi mwenyewe, nikala, kisha nikamtazama Mahlet kama mwalimu anayesubiri jibu. Maskini, hakutaka kuniangusha. Akala. Hata hawajatoka uwanjani, wenzake walikuwa wameshaanza: "Fatuma, hujambo? Na huo uzi wa ubatizo shingoni wa nini tena?" Akaenda kwao analia.

Kesho yake hakuja shuleni. Nikasikia baba yake amempeleka kanisani akamwagiwe maji ya baraka, na kwamba anataka mzee afukuzwe kwa kumsilimisha mtoto wake. Kikao cha wazazi kikaitishwa Jumamosi. Mzee Yimam alikuwa analea wajukuu wanne, na hakuwa na kazi nyingine.

Zewdu alizungumza kwa muda mrefu, na vichwa vingi vikawa vinaitikia. Nikasimama. Nikasema kondoo alikuwa wangu, shauri lilikuwa langu, na mzee alinionya nikapuuza. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi.

Mzee Yimam akainuka, akavuka chumba mpaka mbele ya Zewdu, mtu aliyemwona tangu anatambaa.

"Mwalimu ananisitiri tu," alisema. "Yeye hakujua alifanyalo. Mimi nilijua. Mtoto wako alipotia tonge mdomoni nilikuwepo, na sikumzuia. Angekuwa mtoto wangu, nami ningekuwa na wivu kama wako kwa dini yangu. Nisamehe."

Akaanza kuinama ashike magoti ya Zewdu, kama afanyavyo kwetu mwomba msamaha. Zewdu aliruka kutoka kitini, akamdaka mabegani kabla hajafika chini. Wakabaki hivyo, mzee anasukuma kwenda chini na mwenzake anamzuia, mpaka Zewdu akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka mbele za watu.

"Usinifanyie hivi, baba," akasema. "Usinifanyie hivi."

Nilitamani ardhi inimeze. Wiki nne nzima nimesimama ubaoni nikifundisha watu kuheshimiana, na niliyemdharau kuliko wote ni huyu niliyemwita anisaidie kufundisha.

Kura ya kumfukuza mzee haikupigwa. Watu walipoanza kutoka, Zewdu alinijia, macho bado mekundu.

"Mwakani utawafundisha tena?"

Nikasema sijui kama nitaruhusiwa.

"Fundisha. Mahlet ana mdogo wake anakuja darasa hilo. Ila ununue kondoo wawili, mwalimu. Wa pili nitakuja kumchinja mimi, na nitakaa na Mzee Yimam mpaka wote washibe."