Marehemu Afika Mtoni

Jumamosi moja ya joto kali, mshona mapazia alitandika mkeka kando ya mto pamoja na marafiki zake wapya, muuguzi na mwalimu wa hesabu. Walikuwa wamefahamiana kwenye mafunzo ya kuogelea, ambako wote watatu walikuwa wa mwisho. Tangu afiwe na mumewe, hii ilikuwa mara ya kwanza kualikwa mahali bila kuonewa huruma.

Viazi vikichemka, akaanza kuwasimulia habari za mteja mmoja aliyeagiza pazia la chumba kisicho na dirisha.

"Nikamwuliza, 'Sasa mama, utalifungua uone nini?'"

Muuguzi alishika mbavu. Mwalimu alifuta machozi. Kilichobaki kilikuwa utamu wenyewe, jibu la yule mteja. Mshona mapazia akavuta pumzi.

Hapo mumewe akatoka mtoni, akapanda ukingo polepole kwa sababu ya viatu vya ngozi. Alivaa suti aliyozikwa nayo. Haikuwa imelowa.

"Hodi jamani."

"Karibu, shemeji," muuguzi akasema, akasogea kumpisha. Mwalimu alimwuliza habari za njiani. Marehemu akasema njia ni nzuri, ila kona nyingi.

"Wewe umekufa," mkewe alimnong'oneza.

"Najua, mke wangu. Viazi mmetia chumvi?"

Kisha akauliza walikuwa wanazungumza nini. Wakamwambia.

"Ah, yule mama! Ngojeni niwape mimi. Huyu huwa anaharibu mwisho."

Mteja yule alikuja dukani mwaka jana, marehemu akiwa kaburini, lakini hilo halikumzuia.

"Hadithi ni yangu," mkewe alisema.

"Mwache kwanza amalize, dada," muuguzi akamwambia.

Marehemu alisimama, mkono kiunoni, akabana sauti kama ya yule mama: "'Si la dirisha, mwanangu. Nataka nilivute kati yangu na mume wangu akianza kusimulia!'"

Walicheka mpaka ndege wakaruka mitini. Mkewe naye alicheka, asijizuie. Mumewe alikuwa ameisimulia vizuri kuliko yeye, na hilo ndilo lililomuuma.

Akawapakulia, akaingia majini. Maji yalipomfika kifuani alijitupa mbele kwa hasira, akapiga mikono, na aliposhtuka alikuwa ukingo wa pili.

"Nimevuka!" alipiga kelele. "Jamani, nimeogelea!"

Wenzake waliinua mikono bila kugeuka.

"Hongera! Enhe, shemeji, halafu?"

Alikaa kidogo juu ya jiwe, kisha akavuka tena kurudi, kwa kuwa hakukuwa na daraja.

Jua lilipopungua, marehemu alitazama saa, akasema kule anasubiriwa. Akawapa mkono wote, akawasifu kwa ukarimu wao, akashuka mtoni mpaka kichwa kikapotea.

"Mtu wa watu kweli," mwalimu alisema.

"Mwezi ujao tunapanda milimani," muuguzi akasema. "Dada, mwambie shemeji asikose."

"Na mimi je?"

Muuguzi alimshika bega kwa upendo.

"Wewe ni lazima uje! Nani atampikia?"

Mshona mapazia akajibu sawa, akaokota sufuria, akaanza kuisugua masizi kwa mchanga.