Viko Sita vya Baba Mkwe

Baba mkwe hakai. Miaka thelathini alilipwa mshahara wa kondakta wa treni, akitembea behewa hadi behewa, na tangu tumlete kwetu ameigeuza nyumba yetu ya vyumba vitatu kuwa reli. Sebuleni, koridoni, jikoni, mlangoni, kisha anageuza. Ukimpisha unajikuta unapapasa mfuko kama unatafuta tiketi.

Tulimleta baada ya kuanguka bafuni kwake, akalala sakafuni kutwa kucha, peke yake, mpaka jirani aliposikia mtu anagonga bomba kwa mswaki. Mguu alioumia umepona. Sasa anataka kurudi kulekule.

"Jumamosi naondoka," alitangaza Jumatatu. "Humu mimi ni mzigo uliosahaulika stesheni. Hata kiko changu cha tumbaku hakina pa kukaa."

Mke wangu akanitupia jicho. Halikuhitaji maelezo: fundi, fanya kitu.

Jumanne nikapita kwa mama mmoja muuza vitu vilivyotumika, tunayemwita Bei ya Mwisho kwa sababu huanza na hiyo. Chini ya rundo la pasi mbovu nikaona kibao cha zamani cha kuwekea viko: mti mwekundu mzito, matundu sita juu, vishimo sita chini, ukingo umechongwa na mtu asiyekuwa na haraka. Mimi kazi yangu ni kupiga samani vanishi. Vidole vikaanza kuniwasha.

"Bei ya mwisho, kaka..."

"Mama, hata ya kwanza sijaisikia."

"Ukicheka naongeza."

Nikakinunua kabla hajaongeza. Lakini kiko kimoja kwenye matundu sita kingeonekana kama jino la mwisho mdomoni. Vipya vya dukani nilivitazama kupitia kioo tu, na hata huko kutazama niliona kama natumia hela. Nikaanza kuzunguka mji. Kimoja nilikikuta kwa kinyozi, kinazuia dirisha lisijifunge. Kingine, mrija umetafunwa, nikabadilishana na mlinzi wa ghala kwa kumng'arishia kiti. Viwili Bei ya Mwisho alivifukua ndani ya buti la mguu mmoja. Cha tano alikuwa nacho fundi viatu, anakoroga gundi kwa mrija wake.

Alhamisi mchana baba mkwe aliposinzia, nikachukua na chake. Nilisema mwenyeji asiwe mchafu kuliko wageni. Nikapiga msasa nje na ndani. Ndani vyote vilikuwa na gamba la masizi, gumu kama mkaa; nikalikwangua mpaka mti ukaonekana. Kisha vanishi, mara tatu, nikavianika karakanani kwangu, uani.

Alipoamka alikitafuta kiko chake chini ya mito ya kochi, nyuma ya redio, mpaka kwenye kopo la unga.

"Kimeota miguu?" aliuliza.

"Kitarudi, Baba," mke wangu akamwambia. "Na wewe tulia kidogo."

Ijumaa asubuhi nikakiweka kibao mezani, viko sita vinameta. Baba mkwe akasimama. Akakaa! Mke wangu akanibana mkono kwa furaha. Mzee akachukua kiko chake, akakinusa, akaingiza kidole.

"Gamba liko wapi?"

"Nilisafisha, Baba."

"Na huku kung'aa?"

"Vanishi."

"Ndani?"

"Ndani, Baba. Mara tatu."

Akanitazama kama anayemtazama abiria aliyepanda bila tiketi. "Mkwe, lile gamba ndilo linalozuia mti usiungue na moshi usiwe mchungu. Nimelijenga miaka ishirini na miwili. Sasa nikiwasha hapa, si nitakuwa navuta kabati lako?"

Mke wangu akaguna, kicheko kikamkwama. Mzee akaingia chumbani. Tukasikia zipu ya begi.

Nikazunguka sebule mara nne, sasa treni ni mimi. Mwishowe nikabisha hodi.

"Baba, nimeharibu. Kabla hujaenda, nifundishe kurekebisha."

Mlango ukafunguka nusu. Kisha: "Una msasa laini?"

"Upo."

Tukaenda karakanani. Akakaa kwenye benchi, akashika kiko cha kinyozi, akakwangua kidogo, akapuliza vumbi usoni pangu, nadhani kwa makusudi.

"Vanishi yote ya ndani itoke. Halafu tumbaku nusu, moto mdogo, kila siku, bila pupa. Gamba la kuanzia tu ni mwezi mzima, kwa kiko kimoja."

"Na viko ni sita," alisema mke wangu, amesimama mlangoni nyuma yangu.

Nikamkanyaga mguu. Mzee aliendelea kukwangua.

"Mnadhani sijui kuhesabu?"

"Sijasema kitu, Baba," nikajitetea.

"Umenyamaza kwa kelele." Akachukua kiko cha pili, akakiangalia kwenye mwanga, akasonya. "Kule nyumbani sina hata meza ya kufanyia kazi hii. Binti, toa nguo kwenye begi. Na usizikunje vile unavyokunja wewe."

Mke wangu alishaondoka mbio. Mzee akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akalifunga kopo langu la vanishi na kuliweka rafu ya juu kabisa, anapofika yeye kwa urefu wake, nisipofika mimi bila ngazi.