Wageni wa Mheshimiwa

Mdogo wangu aliuza mbao kabla ya kutuuza sisi. Duka lilikuwa letu wawili, mwanzoni mwa mtaa wa maseremala, na ulimi wake ndio uliovuta wateja. Angekuuzia ubao uliopinda, ukaondoka unamshukuru. Kwa hiyo halmashauri ilipotaka kuvunja karakana za mtaa ijenge maegesho ya magari, tulisema huyu ndiye wa kwenda bungeni kutusemea. Nilimpigia debe mpaka sauti ikakauka, akapita.

Siku hoja ya kuvunja karakana ilipofika bungeni, alitualika. Nilikwenda na mafundi sita, nao walikuja kwa sababu niliwaomba mimi. Tulivaa nguo za kutokea, na fundi mzee alisugua vidole asubuhi nzima, maana gundi ya mbao haisikii sabuni. Mlangoni tulionywa kwamba mgeni bungeni hasemi neno, hata akikohoa akohoe kwa adabu.

Mdogo wangu akainuka. "Mheshimiwa Spika, nina wageni kutoka mtaa wa maseremala, akiwemo dada yangu aliyenilea. Naomba wasimame."

Tukasimama. Wabunge wakatupigia meza. Nilijiona mtu, machozi yakanilengalenga.

"Hawa ndio wenye karakana," akaendelea, nasi bado tumesimama. "Wamekubali kuhama kwa hiari yao. Wamekuja kuiunga mkono hoja hii mbele yenu."

Meza zikapigwa tena, kwa nguvu zaidi. Nilifungua mdomo, lakini askari alikuwa ameshaweka kidole kwenye midomo yake. Hoja ikapita tukiwa tumekaa kimya, na kimya chetu kikahesabiwa ndiyo. Kumbe muda wote alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi niliyembeba mgongoni.

Nje, kwenye ngazi, mafundi walinizunguka.

"Mama, wewe ulijua?" fundi mzee aliuliza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi.

Kabla sijajibu, mdogo wangu alitokea na suti yake, akanishika bega. "Huyu ndiye mshauri wangu. Sifanyi jambo bila yeye. Si ndiyo, dada?"

"Mwongo," nilisema. "Haki ya Mungu, sikujua."

Akacheka, akawakonyeza. "Mnamjua dada, hapendi sifa."

Fundi mzee alinitazama, kisha akavaa kofia yake.

"Sisi tunatangulia, mama," alisema, na wakashuka ngazi wote sita bila kunisubiri.